Nguzo ya Kumi na Saba

Sina darubini. Nina ngazi,
koleo, na chupa ya chai iliyopoteza kifuniko.
Mimi ni fundi wa umeme, hapa Paysandú,
na ndege nawajua kwa sababu wao na mimi
tunagombea nguzo zilezile.

Leo, nyuma ya kiwanda cha ngozi,
yupo yule wa rangi ya kutu.
Anatembea barabarani kama karani aliyechelewa,
anachota tope la mvua ya jana,
anapanda, anakandika, anashuka.
Nyumba yake ni tanuri, mlango ubavuni,
na ukuta wa ndani ili upepo usimwone.
Mfinyanzi hulia gaeni;
huyu hulala ndani ya chungu chake.

Karatasi ya kazi inasema: ondoa kiota.
Nimeikunja mara nne, nikaifutia mafuta ya soseji.

“Kuna nini huko juu?” anauliza Baltasar.
“Kelele,” namjibu,
maana mume na mke wameanza kuimba kwa pamoja,
mmoja mbio, mwingine mbio zaidi,
kama wanaobishania bei ya kitunguu.

Jana walikuwa kasuku, juu ya transfoma.
Juzi sikuona yeyote. Niliona mawingu, nikaridhika.
Jioni Zulma huniuliza: umekutana na nani?
Hajawahi kuuliza nimetengeneza nini.

Nashuka. Najaza fomu:
nguzo ya kumi na saba, haikufikika.
Kiatu changu cha kushoto kina tope.
Yeye amesimama hatua tatu kutoka hapo,
analitazama.