Pua ya Wacław

Miaka thelathini na moja kampuni ya gesi ya Łódź
ilimwita usiku, pua yake ikiutangulia mtambo:
"Hapa. Chini ya ngazi. Fungeni."
Watu waliamka asubuhi wakipiga miayo,
wasijue walichoepushwa.

Novemba maziwa yalifurika jikoni,
yakaungua, yakawa lami,
naye yu hatua tatu tu, anajaza fumbo la gazeti.
Nikasema mafua. Nikasema uzee.
Nilisema mengi, mradi nisiseme.

Leo daktari Lisiecka kampangia kalamu kumi na mbili,
kila moja na harufu yake.
Anainusa ya kwanza, kafumba macho.
"Theluji."
Ilikuwa karafuu.
Ya pili, "Hakuna kitu." Ya tatu, "Hakuna kitu,"
kwa upole, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
Kwenye ya saba akanitazama mimi,
na miaka yote ya ndoa ikanipanda kooni:
nilitaka kumnong'oneza jibu.

Ni dalili, si hukumu, anasema daktari.
Turudi Aprili.

Kwenye tramu amepitiliza kituo chetu,
au alikuwa anawaza; siku hizi sitofautishi.

Nyumbani naponda kitunguu saumu cha matango,
namwekea kiganja puani.
"Nanukia nini?"
Anavuta pumzi ndefu, ile ya kazini.
"Wewe," anasema,
upesi mno, kama aliyebahatisha.

Usiku nateremka peku hadi jikoni,
nashika kitasa cha jiko, nainama, nanusa.
Kazi hii sijafundishwa.