Makosa Kumi na Moja

Mwalimu Hoshino alikuja Wete kufundisha hesabu.
Begi moja vitabu. La pili glavu kumi na mbili,
na zote za mkono wa kushoto.
Bi Mgeni wa jikoni akauliza: za kulia kazipoteza wapi?

Nikafunzwa kupokea kwa kushoto,
mimi niliyechapwa na bibi
kwa kupokea andazi kwa mkono huohuo.

Akaniweka baina ya kituo cha pili na cha tatu,
kiwanja cha Limbani, changarawe tupu,
na ukingoni majamvi ya karafuu za watu.
Mpira ukigonga jiwe hukutafuta meno.
Hili la mbele si langu. Langu lilibaki pale.
"Usirudi nyuma," akisema,
"ukirudi, mpira ndio unaochagua."

Nilicheza kwao miaka sita ya mshahara,
ligi ndogo, mji wa bandari,
basi la usiku, wali baridi kisandukuni.
Ramadhani moja nilifuturu ndizi benchini,
mgongo nimewapa watazamaji.

Kupiga sikujua, tuseme kweli.
Gongo mkononi mwangu lilikuwa mwiko wa kuazima.
Nililipwa kwa kuinama, kupokea, kugeuka, kurusha,
mkimbiaji hajafika.

Mchezo ule una daftari la makosa.
Mpira ukikuponyoka, mtu ameketi juu nyuma ya kioo
anaandika, kwa jina lako, si la mwengine.
Wenzangu walinuna. Mimi nilishazoea:
tangu chuoni naambiwa mabegani wapo wawili hawalali.
Na yule wa kiooni mema pia huyaandika,
ila msimu ukiisha
watu huuliza makosa.

Kumi na moja.
La mwisho lilikuwa jepesi, mpira wa kutambaa,
mtoto wa skuli angeudaka.
Nilinyanyua macho kabla haujanifika.
Nishaona mechi imekwisha,
nishajiona nashuka gatini, mama kavaa kanga mpya.
Ukapita chini ya glavu kama paka.

Disemba ikaja barua, adabu tupu,
imekunjwa mara tatu.

Sasa nashika mizani ghalani.
Karafuu zikija na makonyo, zikija mbichi,
mimi ndiye ninayeandika.
Jana mama mmoja wa Kojani alitazama kalamu yangu
hata nikaomba radhi, sijui ya nini,
na daraja la pili likabaki daraja la pili.

Alasiri napita Limbani.
Glavu zimebaki tatu, moja imeshonwa kwa uzi wa nyavu.
Raya, mjukuu wa Bi Mgeni, kasimama pangu,
mtandio kaukaza nyuma ya shingo.
Mpira unagonga jiwe, unaruka.
Harudi nyuma.
Unampita hata hivyo, unaingia jamvini kwa watu, makelele.

Ananigeukia haraka,
anatazama mikono yangu.
Imo mifukoni, yote miwili.