Redio Inayosikiliza Magurudumu

Gari lilishuka melini Mombasa na redio yake ndani,
menyu nzima kwa Kijapani.
Hata saa nilishindwa kuirekebisha: mwaka wa tatu huu
gari langu linaishi Tokyo, saa sita mbele,
nami bado nachelewa kazini.

Muthoka wa Kirinyaga Road alinifungia kidude cha kupanua masafa
nipate stesheni za nyumbani,
akafuta mikono kwenye suruali, akasema,
"Madam, hii redio ina akili.
Ukikanyaga, inapanda. Ukishika breki, inashuka.
Inasikiliza magurudumu. Nikuzimie?"
Nikamwambia aiache.
Nani katika mji huu amewahi kunipandishia sauti
kwa ajili ya kelele tu, si kwa hasira?

Mimi mwenyewe simfanyii Mama hivyo.
Sikio lake la kushoto lilikufa mwaka juzi,
la kulia, la upande wangu, linachechemea,
na kila neno namrushia kama jiwe:
CHAI! DAWA! MKANDA, MAMA, FUNGA MKANDA!
Kahawa West nzima inajua presha yake ni ngapi.
Yeye hunitazama mdomo, hutabasamu:
"Mbona unanigombeza?"

Jumatano ni kliniki.
Thika Road, saa moja unusu, barabara nyeupe ajabu,
themanini, tisini,
upepo unaguguna mpira wa dirisha,
lori la kokoto linatupita likinguruma,
na redio, bila kuguswa, bila kulalamika,
inajiinua juu ya vurugu lote kidogo kidogo,
kama mtu avukaye mto
akimnyanyua mtoto asilowe.

Ni saa ya matangazo ya vifo.
Mama anasikia! Anavirudia vijiji nyuma ya mtangazaji,
Mgange, Werugha, Mbale,
kidole kikihesabu gotini.
Tunasikitika kutangaza kifo cha

na hapo, Muthaiga, taa za breki zikawaka mbele yetu
nyekundu hadi upeo wa macho.
Sitini. Ishirini. Kumi.
Redio yenye akili ikateremka nami,
adabu tupu, ngazi kwa ngazi,
hadi mnong'ono unaolitosha gari lililosimama
na sikio lisilo na kasoro.

Jina likapita humo.

Mimi nililisikia. Saru wa Mwakio.
Saru wa ile sketi moja waliyoazimana ya kanisani,
mmoja ibada ya kwanza, mwenzake ya pili.
Saru aliyepiga simu Krismasi, wakashindwa kusikizana,
wakacheka tu, dakika kumi na nne, hadi salio likakata.

"Nani?" akauliza Mama. "Wamesema nani?"

Nikapeleka kidole kwenye kitufe. Cha nini tena?
Tangazo lilishahamia Kisii, kwa marehemu mwingine.
Muuza maji anagonga kioo, boda zinapenya, honi,
mhubiri na kipaza sauti chake darajani.
Gurudumu limesimama, basi redio inadhani kumetulia.
Gurudumu litajuaje
kwamba kelele ndiyo kwanza imeanza?

Na mimi, kwa sauti ipi?
Ile ya CHAI? Ile ya DAWA?
Wa gari la pili wangelisikia jina kabla yake.

Nikazima redio.
Nikazima na injini, hapo hapo, njia ya kati.
Nikafungua mkanda, nikajikunja juu ya breki ya mkono,
nikaweka mdomo kwenye sikio la upande wangu,
pale penye kipuli alichonunua Voi akiwa msichana,
nikalisema, pumzi nyingi, sauti kidogo.

Hakusema namgombeza.
Alikaa. Kisha akaanza kufungua mkanda wake
kama mtu aliyekwisha kufika.

Nyuma walikuwa wanatutukana; mbele njia ilikuwa imefunguka.
Nilipowasha, saa ya redio ikasema 13:47,
mchana wa kule,
kana kwamba kule habari hii
walishaipokea tangu asubuhi.