Dirisha Lililozibwa

Ghorofa ya pili, upande wa kaskazini,
lipo dirisha lisilo kioo: matofali matupu.
Lilizibwa enzi za kodi ya madirisha,
mwanga ulipohesabiwa kwa shilingi
na bwana wa nyumba akaona heri giza.

Chini yake leo ameketi Hester Tapscott,
mhasibu wa kodi.

Darini yangali maua ya chokaa;
kichala kimoja cha zabibu kimepasuliwa na kiambaza,
nusu i kwa idara ya utumishi,
nusu kwa mashine ya fotokopi.
Jikoni, kengele saba za kuwaitia watumishi
zimepakwa rangi, ndimi zimeganda.
Na ile ngazi ya nyuma, finyu, ya gizagiza,
vidato vyake vimebonyea katikati
kwa nyayo za waliopandisha makaa.
Callum hupita na trei ya chai,
huinamisha kichwa
palepale walipoinamisha wao.

Saa kumi tu, mwezi wa Desemba, Ludlow imeshafunikwa.
Hester huzima taa,
huyagusa matofali kwa kiganja.
Baridi.
“Mjanja wewe,” humwambia marehemu asiyemjua.
“Kodi uliikwepa.
Giza nalilipa mimi.”