Tundu la Pili na la Nne

Januari, Ulaanbaatar. Nje ni thelathini chini ya sifuri.
Ndani, bomba la joto limeikausha hewa hadi midomo inapasuka,
na kila ninachogusa kinanijibu kwa cheche:
kitasa, kijiko, sikio la paka.

Kwa hiyo nimevua sweta ya sufu ya ngamia,
nimevua soksi,
nimesimama peku juu ya mbao, na miaka yangu sitini na minne,
nimelishika bomba kwa kiganja
kama mtu anayeapa mahakamani.
"Jitoe umeme kwanza, mama," kasema Zolbayar kwenye simu.
Yeye yuko Incheon, bara la mvua. Cheche hazimjui.

Waya nimeung'oa ukutani. Skrubu mbili, na ubavu ukatoka.
Humo ndani, moshi wa makaa ya mtaa mzima,
majira saba ya baridi, umelala kwenye feni,
mweusi, laini kama manyoya ya panya.
Nikaufagia kwa brashi ya kupakia mkate siagi.

Yote haya ni kwa ajili ya farasi.
Naorodhesha rangi zao jinsi baba alivyozitaja:
wa kahawia mwenye singa za majivu,
wa manjano ya mchuzi uliolala,
yule ambaye madoa yake huonekana akilowa tu.
Nilipofika ya mia mbili na tatu, mashine ikaganda.
Kijana wa dukani akasema, "Inataka kumbukumbu, bibi."
Nikacheka mpaka akaona haya.

Giga nane. Kijiti kirefu kama chanuo,
meno yake ya dhahabu, na pengo moja
lisilo katikati kabisa, ili mjinga asikiingize kinyume.
Nilijaribu kukiingiza kinyume.

Matundu ni manne. La pili lina kijiti cha zamani, giga nne.
Kipya nikakilaza kando yake, kama ndugu kitanda kimoja.
Upande mmoja ukalia *ta*, wa pili ukanyamaza,
nami nikauhesabu kuwa umekubali.

Nikawasha.
Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.
Piii. Piii. Piii.

Farasi mia mbili na tatu, nikasema, nimewaua kwa kidole gumba.

"Hawajafa," kasema Zolbayar. "Wamo kwenye diski.
Hapo ni kwenye kamba tu, pa kufungwa wakitandikwa.
Ukizima, hapo hapakumbuki hata kwato."
"Na bado mnapaita kumbukumbu?"
Akakohoa. "Zima. Ng'oa waya. Hesabu kuanzia kwenye prosesa:
la pili na la nne. Waachanishe kidogo,
ndipo watavuta pamoja."

Nikasugua dhahabu kwa raba ya shule.
Nikasukuma kwa gumba zote mbili,
kwa nguvu usiyomtolea kitu cha bei ile.
*Ta*, kushoto.
Nikangoja. Nikasukuma tena, macho nimefumba.
*Ta.*

Giga kumi na mbili, kioo kikasema, bila shamrashamra.

"Ila kipya kina mbio zaidi," Zolbayar akaongeza,
"na sasa kitakwenda mwendo wa kile cha zamani. Hasara."
Sikumjibu.
Miaka ishirini na tisa nilikwenda sokoni na baba yake,
yeye na goti lake bovu, barafu chini ya viatu,
na sikufika nimechelewa hata siku moja,
kwa sababu huko sokoni tulikuwa tunafika wote.

Skrubu moja imebaki mkononi. Sijui ilitoka wapi.
Paka ananusa feni.
Naandika ya mia mbili na nne:
*kijivu cha vumbi la makaa, pale kidole kilipopita.*
Baba hakuwahi kuitaja.
Farasi huyo sijamwona bado,
lakini jina lake nimeshalihifadhi, mara mbili.