Pingili ya Tano

Asubuhi namkaza Shuhei mikanda mitatu:
wa kifua, wa tumbo, wa nyonga.
Gamba la plastiki, jeupe kama bakuli,
lilifinyangwa Tokushima mwezi wa tano kwa umbo lake la mwezi wa tano.
Sasa ni wa saba, naye ameongezeka,
linamla kwapani.
"Legeza kidogo, dada."
Daktari alisema usilegeze.

Kwenye picha mfupa ulikaa kama kijibwa,
na shingoni mwa kijibwa, ukanda mweusi.
"Huo ndio ufa," akasema. Unywele tu.
Mama akauliza kama kuna msumari, kama kuna gundi.
Ufa wa ukuta huzibwa.
Huu huachwa, miezi sita, bila kufanya kitu.

Bila kufanya kitu!
Kamwambie mtoto wa miaka kumi na minne
aliyerusha mipira mia mbili kila jioni
tangu kiganja chake hakijaenea mpira,
nyuma ya karakana ya nili,
mpaka plasta ikabanduka vipande.
Baba aliukandika ukuta kila Jumapili.
Mgongo nani aliutazama?
"Misuli hiyo," alisema kocha Nakagiri.
"Anakua," alisema baba.
Mwenyewe alisema hakuna kitu,
akawa anavaa soksi amelala chali.
Mimi niliziona soksi zile.
Timu ilikuwa inashinda. Nikanyamaza.

Leo wenzake wanacheza ng'ambo ya mto Yoshino.
Amekaa kwenye mianzi, wima, hawezi kuinama,
anasikiliza gongo likiupata mpira
na kutaja, bila kuona, ulirushwaje.
"Huo ulichelewa kumtoka mkononi," anasema. "Huo ulikuwa wangu."
Kisha anahesabu pingili za mwanzi ulio karibu,
kutoka juu, kwa kidole,
na ya tano kutoka chini anairuka.

Usiku akitoka kuoga, kabla ya gamba,
ngozi ina michirizi myekundu kama jamvi limemlalia.
Naweka dole gumba pale chini.
"Hapo?"
Mwezi wa tano alirukia dari.
Mwezi wa sita alisema "Hapo" kwa meno.
Leo kakaa kimya, maji yanamdondoka kisogoni,
halafu: "Wapi?"

Namjua mdogo wangu.
Nabonyeza tena, polepole,
huku nikiutazama uso wake kiooni,
na kioo kimejaa mvuke.