Ukuta wa Darasa la Tano

Niliitwa kupaka rangi, sikuitwa kusoma.
Ndoo mbili za rangi ya maziwa, moja ya bluu kwa chini,
mkaguzi anakuja Jumatatu.
Shule ipo Kigogo, bondeni, imeupa Msimbazi kisogo,
na mto wenyewe, ukiuona Agosti, utaucheka:
uzi wa maji meusi na viatu visivyo na wenzao.

Darasa la Tano nikakuta ukuta umechorwa.
Si matusi. Mistari ya rula, kwa penseli,
kila mmoja juu ya doa la tope:
Aprili. Magoti ya Tuntufye.
Desemba. Mkanda wa Mwalimu Komba.
Na mmoja juu kabisa, umeupita ubao:
Siku hii hatukuja.

Nikatoa msasa.
"Fundi, hiyo ni kazi ya darasani,"
akasema mtoto mmoja mlangoni, ameshika chupa ya maji
iliyokatwa shingo, imebandikwa rula ubavuni.
Anapima mvua. Anaandika.
"Mwalimu anasema tabia ya mtu utaijua kwa kukaa naye,
tabia ya nchi utaijua kwa kuiandika.
Mvua ya siku moja ni hasira tu.
Miaka thelathini ndiyo tabia."

Mimi niliishia la nne.
Lakini hasira na tabia nazijua, nimepanga kwa watu.

Nikaifikiria kazi yangu ilivyo:
maji yakishuka, wenye nyumba hunipigia simu.
Fundi, njoo ufute. Nafuta.
Kusema kweli, mafuriko yamenilipia ada ya mwanangu,
na kila nilipopita na brashi
mto ukawa kama haukuingia,
na mwaka wa pili watu wakatandika godoro palepale.

Mwalimu mkuu akachungulia: "Bado tu? Funika hayo."
Nikachovya brashi. Rangi ikanidondokea kiatuni.
Yule mtoto hakubishana naye.
Alinigeukia mimi, akafungua daftari, ukurasa mpya,
akalamba ncha ya penseli:
"Fundi, wewe umefuta nyumba zote za huku chini.
Maji yalifika wapi?"

Nikakaa juu ya ndoo.
"Andika," nikasema. "Kwa mama Sikudhani, usawa wa swichi.
Kwa Chande, nondo ya pili ya dirisha. Hapana, ngoja,
hiyo ilikuwa mara ya kwanza..."